Daraja la Gari Moshi: Tujenge au Tununue?

Katika chama chetu cha ufundi kuna mabishano. Tunatengeneza mfano wa reli, nao umefika penye bonde. Hapana budi pawe na daraja. Wenzangu wengi wataka tuagize la plastiki dukani, wazazi wachangishwe. Mimi nasema tujenge wenyewe.

Wenzangu hutaja Reli ya Uganda. Ni kweli, kati ya Mau na Kisumu Waingereza walihitaji madaraja 27 ya chuma yenye nguzo ndefu, wakayaagiza kwa American Bridge Company ya Marekani. Lakini wale walikuwa na haraka ya kufika ziwani. Sisi tuna haraka gani? Huku Kimuli hatuna reli, na wengi wetu hatujaliona gari moshi kwa macho.

Chukueni matete manne, myafunge yawe mraba, kisha msukume ubavuni: yatalala. Ongezeni tete moja la mshazari, mpate pembetatu mbili, hayasogei tena! Nguzo za chuma husimama kwa siri hiyo hiyo, na anunuaye daraja lililokwisha kuungwa haijui. Matete yako bondeni bure, kamba ni za mgomba. Gundi tu ndiyo ya kununua.

Wasemao litakuwa na sura mbaya wana haki. La majaribio limepinda kidogo. Hata hivyo limebeba matofali mawili, na gari moshi letu halifikii uzito wa nusu tofali. Fedha za kahawa za wazazi wetu zinunue kwanza vyombo vya maabara, maana mtihani wa Fizikia u karibu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne