Mtihani Wakati wa Korosho

Kila ufikapo mwezi wa Julai hazikosekani sauti za kuwahubiria wanafunzi wa Kidato cha Nne. Jipangieni ratiba, wanaambiwa; amkeni alfajiri, malizeni kazi za darasani mapema ili mpate wasaa wa marudio. Ni nasaha njema, na mimi sina ugomvi na alfajiri. Ugomvi wangu ni na wale wanaomtaka mtoto aupange wakati usio wake.

Tuichukue Matambarale, wilayani Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi. Huko mwaka huenda kwa mikorosho. Kuanzia Juni mikorosho hupuliziwa salfa. Septemba na Oktoba korosho huanza kuanguka, na iliyoanguka haingoji: huokotwa, hutenganishwa na bibo lake, huanikwa, kisha hupelekwa kwenye chama cha msingi kusubiri mnada. Novemba, kazi ikiwa imepamba moto, ndipo Baraza la Mitihani la Tanzania linapoufungua mtihani wa Kidato cha Nne. Miezi tunayoiita ya marudio ndiyo miezi ambayo nyumba nzima inatafuta riziki ya mwaka mzima. Msomaji wa Pemba hahitaji kufasiriwa haya. Aweke karafuu mahali pa korosho.

Mtoto huyo ukimwambia ajipangie ratiba, ameshapangiwa. Na tusikimbilie kumlaumu mzazi, kwani daftari na sare navyo vinatoka katika gunia lile lile.

Nachingwea, jirani wa Ruangwa, wanajua mpango wa mbali unavyomalizikia. Mwaka 1947 Waingereza waliuleta Mpango wa Karanga, uliopangwa London bila ya udongo wala mvua ya huku kuulizwa neno. Ilipofika 1951 ukaachwa, na reli iliyotoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Karanga si mtihani, nakubali. Tabia ndiyo niionayo moja.

Wala sisemi mtihani uhamishwe Novemba. Uhamishiwe wapi? Kila mwezi una zao lake mahali fulani katika nchi hii. Ninachokilalamikia ni uzito. Azimio la Musoma la 1974 lilikataa kumpima mwanafunzi kwa mtihani wa mwisho peke yake, na tangu 1976 kazi zake za skuli zikahesabiwa nusu ya alama. Fikra hiyo ilikuwa na adabu ndani yake: kwamba miaka minne ya jasho haiwezi kuhukumiwa kwa saa tatu za chumba cha mtihani. Baadaye nusu ile ikapunguzwa, na leo mtihani wa mwisho ndio wenye sehemu kubwa.

Tunajibiwa kuwa alama za skuli hupikwa. Kweli, zimepata kupikwa. Lakini watu wa Kusini wanaijua kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kichinichini, kwa kipimo kisicho cha mizani, unaomnyonya mkulima. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa kangomba ipo, basi mizani itupwe, waliandamwa walanguzi. Kwa nini basi kosa la mpishi wa alama alipe mtoto aliyeifanya kazi yake kwa uaminifu tangu Kidato cha Kwanza?

Na hicho kipimo cha mwisho kinachosifiwa kwa usafi, nacho kina mkono wa binadamu. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Mei mwaka huo huo yakafutwa, yakapangwa upya. Watoto ni wale wale, majibu waliyoyaandika ni yale yale. Madaraja yakawa mengine.

Lipo na jambo jingine, ambalo jarida la lugha haliwezi kulipita kimya. Nenda kwa wanaofanya marudio usiku, kibatari kikiwaka, uwasikilize. Hawajadiliani. Wanakariri. Mmoja anasoma swali la mtihani uliopita, mwenziwe analitoa jibu neno kwa neno kama alivyolinakili ubaoni, kwa Kiingereza ambacho ukimwomba akufasirie atakutazama tu. Masomo karibu yote ya sekondari yanafundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo, naye alikuja kutoka msingi akiwa amesoma kwa Kiswahili. Mwulize kwa Kiswahili kwa nini maji ya chumvi hayaoteshi mpunga na atakueleza hadi ucheke kwa furaha. Maelezo yale hayana alama popote. Kurudia ni kulirejea jambo ulilokwisha kulielewa. Huyu anarejea sauti. Miezi mitatu ya kurejea sauti haitengenezwi na ratiba yoyote, hata ingechorwa kwa rangi saba.

Basi nusu ya Musoma irudishwe. Kazi za darasani zihifadhiwe tangu Kidato cha Kwanza, zisahihishwe upya na walimu wa skuli jirani wasiomjua mtoto, na mwalimu atakayebainika kupika alama awajibishwe yeye, si darasa lake. Mtahini akubali jibu la Kiswahili penye jibu sahihi. Mtoto wa Matambarale aingie chumba cha mtihani Novemba, vidole vingali na utomvu wa korosho, hali nusu ya matokeo yake imekwisha kuandikwa.