Bei ya mbaazi: Andika mzunguko kabla ya kupanda

Bei ya mazao inapoporomoka, wa kwanza kulaumiwa ni mlanguzi. Lakini yaliyowakuta wakulima wa mbaazi mwaka 2017 yanaonyesha kuwa chanzo cha tatizo chaweza kuwa mbali sana na gulio la kijijini.

India ndiyo mlaji mkubwa wa mbaazi duniani na ndiyo mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania. Mwaka 2015 mvua zilikuwa haba nchini humo, mavuno yakapungua na bei ikapaa. Wakulima wetu, kuanzia Babati hadi Lindi na Mtwara, walivutiwa na bei hiyo. Wakulima wa India nao walivutiwa. Mvua za 2016 zikawa nzuri, maghala yao yakajaa, na Agosti 2017 serikali ya India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Huku kwetu bei ikaanguka na magunia yakakosa wanunuzi. Mlango ulifunguliwa tena Mei 2021.

Chukua daftari uyaandike hayo kwa mstari mmoja: bei nzuri, wengi wanapanda, mzigo unajaa, bei inaanguka, wengi wanaacha, mzigo unaadimika, bei inapanda. Unganisha kila neno na linalofuata kwa mshale. Utaona mshale wa mwisho unarudi ulikoanzia. Kwenye vitunguu na nyanya mzunguko ni huo huo, ila huenda kasi zaidi.

Sasa andika miezi kando ya kila mshale. Hapo ndipo faida ya kalamu inapoonekana. Mbaazi inayopandwa Desemba au Januari huvunwa katikati ya mwaka au baadaye, hivyo bei unayoisikia wakati wa kupanda siyo utakayouzia. Lakini Desemba hiyo hiyo India nayo huanza kuvuna. Aliyepanda mwishoni mwa 2016 angeweza kuuliza swali moja: mavuno yao yakoje?

Kabla ya msimu ujao, kikundi chenu kijibu kwa maandishi maswali manne: nani anakula zao letu, yeye anavuna lini, majirani wangapi wameongeza ekari, na mnunuzi mkuu akifunga mlango tutamuuzia nani? Swali la mwisho likikosa jibu, punguzeni ekari za mbaazi, au mzipande pamoja na mahindi.