Daftari la Wiki: Mpaka Uko Chini

Jumatatu nilipanda pikipiki kutoka Katindo kwenda BDGL. Njiani nikamuuliza kijana kama anajua BDGL ni nini. "Papa, si ni rompwe!" akajibu, yaani mzunguko wa barabara, kwa sauti ya mtu anayeanza kumwonea huruma abiria wake. Ilikuwa benki. Zaire, Rwanda na Burundi ziliianzisha mwaka 1977, Benki ya Maendeleo ya Nchi za Maziwa Makuu, makao yake yakawekwa hapa Goma, na machafuko ya miaka ya 1990 yakailaza. Mikopo ilikwisha zamani, ila herufi nne bado ziko kazini kutwa, zinapakia na kushusha watu.

Mtaa wa Birere nao ni hivyo hivyo. Wazee wanasema jina limetoka kwenye majani makavu ya mgomba yaliyokuwa kwenye vibanda vya kwanza pale. Nenda leo ukatafute jani. Utapata mabati, vitenge, na mtu wa kukuuzia chaja ambayo haitafika jioni.

*

Jumanne na Jumatano nilikuwa mtaa wa Murara, shahidi wa ugomvi wa mpaka, kazi ninayopewa kwa ajili ya mvi zangu tu. Wagomvi ni mzee mmoja na mama jirani yake. Kila mmoja ana karatasi ya parsele, yaani kiwanja, ya kabla ya 2002, na karatasi zote mbili zinakubaliana kwamba kona iko kwenye mti wa avoka. Mti wenyewe uko chini ya miguu yetu, yapata mita mbili.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano Nyiragongo ulipasuka ubavuni asubuhi, na kabla ya giza moto ulikuwa mjini. Lava ilipita mitaa ya Majengo na Virunga, ikafunika upande wa kaskazini wa njia ya ndege, ikachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, na wengi wetu tukarudi baada ya siku chache, tukikanyaga jiwe lililokuwa bado na joto la kulainisha soli za kandambili. Kazi ya kwanza ya waliorudi, hata kabla ya kutafuta maji, ilikuwa kupanga vijiwe kwa mstari: sebule ilikuwa hapa, jiko pale, tusije tukaibiwa parsele ambayo hatuioni.

Mjini kati, nyumba za ghorofa zilizobaki zimesimama zilipoteza vyumba vya chini tu. Kinyozi wangu alikuwa juu, tukipanda ngazi kumi na nne kumfikia. Baada ya lava dirisha lake likapanuliwa likawa mlango, tukawa tunaingia moja kwa moja kutoka barabarani. Bei akaipandisha, eti sasa yuko mahali pazuri.

*

Mtoto wa dada yangu kaniuliza mazuku ni nini, naye amezaliwa hapa hapa. Ni ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mabondeni Mugunga na kando ya ziwa kama maji yasiyoonekana. Usiku na alfajiri, upepo usipovuma, inajaa. Mama yangu hakuturuhusu kuingia bondeni kabla jua halijapanda, hata kama mbuzi ameponyoka. Siku hizi mabonde hayo hayo yanapimwa na kuuzwa, na anayeuza haulizwi kuhusu hewa.

*

Sanamu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, imesimama kwa rangi ya dhahabu kwenye rompwe yake, inapigwa picha. Zile za mbao nilizihesabu Alhamisi asubuhi nikinywa chai kando ya barabara ya Rutshuru: saba kwa saa nzima. Pikipiki za magurudumu matatu nilichoka kuzihesabu. Moja kati ya zile saba ilikuwa imebeba makaa, magunia matano, imeteremka kutoka Kibumba. Mwenyewe aliisimamisha, akanicheka kwa macho. Goti lake lilikuwa juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari. Breki ni pande la tairi juu ya gurudumu la nyuma, unalikanyaga, linanuka. Nikamuuliza nani aliichonga. "Baba." Na yeye anaweza kuchonga? Akatazama mlima, akasema anatafuta fedha za pikipiki.

*

Jambo moja dogo. Zamani ndege ikishuka juu ya Birere, mazungumzo yalikatika yenyewe, watu wakasubiri ipite, kisha wakaendelea na neno lile lile walipoliachia. Uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Ijumaa nilimsikia mwenye duka mmoja, mtu mzima, akinyamaza katikati ya sentensi bila sababu yoyote.

*

Jumamosi nilirudi Murara. Mzee amekodi vijana wawili wenye baramini na nyundo, wanachimba kuutafuta mti. Walikuwa wamefika kimo cha kiuno. Saa tano hivi chuma kikalia tofauti, wakatoa pande la bati lililojikunja ndani ya jiwe kama sambusa. Mama akasema ni paa la jiko lake. Mzee akasema ni la banda lake la kuku. Wakanitazama mimi. Nikasema ni bati.

Jumatatu wanaendelea kuchimba.