Kiti cha Bunge si shamba la urithi

Jaramogi Oginga Odinga alipoaga dunia mwaka wa 1994, mwanawe, Oburu, alichaguliwa kuwakilisha Bondo. Rais Moi alipostaafu mwaka wa 2002, mwanawe, Gideon, alipata kiti cha Baringo ya Kati bila kupingwa.

Mwana wa kiongozi ana haki ya kugombea kama raia yeyote. Hana haki ya kurithi. Wapiga kura wa Gatundu Kusini walilionyesha hilo walipomkataa Uhuru Kenyatta mwaka wa 1997, nao wa Baringo ya Kati wakamwangusha Gideon mwaka wa 2007.

Mwalimu hampi mwanafunzi alama alizopata babaye. Mbona basi sisi tutoe kura kwa jina la ukoo? Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti kwanza acheze.