Fuko na panya bustanini: kwa nini Cheyo inahitaji nguvu ya mtaa mzima

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MVUA za Novemba zinapokaribia mkoani Tabora, kaya nyingi za Manispaa huanza kutifua vipande vya ardhi vilivyo nyuma ya nyumba. Katika Kata ya Cheyo, sawa na kata nyingine za mji huu uliokulia kwenye njia kuu ya misafara kati ya Pwani na Ziwa Tanganyika, bustani ya nyumbani haipandwi kwa ajili ya kupamba ua. Humo hutoka mchicha na matembele ya kila siku, mahindi ya kuchoma, mihogo, karanga na viazi vitamu. Kinachoharibika katika bustani hiyo hupungua mezani, na pengo lake hujazwa kwa fedha taslimu sokoni.

Miongoni mwa waharibifu wa bustani hizo wamo wale wanaoishi chini ya ardhi. Mkulima huona mche wa muhogo uliokuwa na afya jana umenyauka leo. Akiuvuta, unakuja mkononi bila mizizi. Au hufukua tuta la viazi akakuta maganda matupu. Jibu la haraka la wengi ni kununua sumu. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo mara nyingi halifikii lengo, na kwa nini lile linalofaa linahitaji zaidi ya kaya moja.

Waharibifu watatu, hesabu tofauti

Kosa la kwanza katika mapambano haya ni kuwaita waharibifu wote kwa jina moja. Wapo angalau watatu, na kila mmoja ana tabia yake.

Wa kwanza ni fuko. Huyu huishi takriban maisha yake yote ardhini, akichimba kwa meno yake ya mbele yaliyotokeza nje ya midomo, hivyo kwamba huchimba bila udongo kumwingia kinywani. Chakula chake ni mizizi, viazi na vitunguu vya mimea. Alama yake ni vichuguu vidogo vya udongo mbichi vilivyopangika kwa mstari, pasipo tundu lililo wazi. Fuko wa rangi ya fedha, aliyeenea katika maeneo mengi ya Tanzania, huishi peke yake na huzaa watoto wachache baada ya mimba ya takriban miezi mitatu.

Wa pili ni panya shamba. Mwili wake ni mdogo, lakini uwezo wake wa kuzaa ni mkubwa. Mimba yake huchukua wiki tatu hivi, na uzao mmoja unaweza kufikia watoto 10 au zaidi. Huyu hufukua mbegu za mahindi siku chache tu baada ya kupandwa, na mashimo yake huwa wazi kando ya matuta, kwenye vichaka na chini ya marundo ya kuni.

Wa tatu ni panya buku, mwenye uzito unaoweza kuzidi kilo moja, anayebeba chakula kwa wingi katika mashavu yake na kukihifadhi shimoni. Ndiye mnyama yuleyule ambaye shirika la APOPO, likiwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, humfundisha kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Sifa hiyo haimzuii kumaliza mihogo ya bustani.

Tofauti hizi zina maana kubwa katika udhibiti. Kwa fuko, kumwondoa mmoja aliye katika bustani ni nafuu ya kweli, kwa kuwa wao ni wachache na huzaa polepole. Kwa panya shamba, kuua 10 katika ua mmoja huku nyasi za jirani zikiwa zimejaa panya ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Nafasi iliyoachwa hujazwa upesi na wahamiaji kutoka upande wa pili wa uzio.

Watafiti hukadiria kuwa panya husababisha hasara ya asilimia 5 hadi 15 ya mahindi nchini kwa mwaka. Tafiti za muda mrefu zilizofanyika Morogoro zimeonesha pia kuwa mlipuko wa panya shamba hufuata mwenendo wa mvua: mvua zikiwahi na kuwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema na idadi yao huongezeka kwa kasi. Kwa hiyo kazi ya udhibiti hutakiwa kufanyika kabla ya msimu, panya wakiwa bado wachache. Anayesubiri mpaka mbegu zifukuliwe amechelewa.

Sumu isiyo na jina

Katika masoko na minada mingi nchini huuzwa vipakiti vya sumu ya panya visivyo na kibandiko, jina la mtengenezaji wala maelekezo ya matumizi. Mnunuzi hajui amebeba nini, na mhudumu wa zahanati hatajua amtibu vipi mtoto aliyeiokota. Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), imeipa Mamlaka hiyo jukumu la kusajili na kusimamia viuatilifu. Kiuatilifu kisichosajiliwa hakina mahali halali katika bustani ya mtu.

Hata sumu iliyosajiliwa inahitaji utaalamu. Zinki fosfaidi, inayotumika sana katika udhibiti wa panya mashambani, hutoa gesi yenye sumu kali inapokutana na tindikali ya tumboni, na haina dawa mahususi ya kuiondoa nguvu mwilini. Chambo chake huchanganywa na mtaalamu, huwekwa ndani ya shimo badala ya juu ya ardhi, na mizoga hukusanywa na kufukiwa. Katika ua wenye kuku, mbuzi na watoto, kuitawanya ovyo ni kuhamisha hatari kutoka bustanini hadi nyumbani.

Kwa fuko, sumu ya juu ya ardhi haina kazi kabisa, kwa kuwa mnyama huyo hatoki kuitafuta. Moshi na maji navyo huishia kumchosha mkulima, kwani fuko huziba njia yake kwa udongo mara anapohisi badiliko.

Tabora imewahi kujifunza

Mkoa huu una somo lake lenyewe kuhusu gharama ya kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, dumuzi, mdudu mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati anayetoboa mahindi na mihogo mikavu, alitambuliwa Tabora kwa mara ya kwanza barani Afrika. Wakulima walimpa jina la Scania. Kutoka hapa alisambaa hadi mikoa na nchi nyingine pamoja na shehena za nafaka, na mapambano dhidi yake yalipata nguvu pale kaya nyingi zilipofundishwa kupukuchua mahindi mapema na kuyachanganya na dawa ya unga kabla ya kuyahifadhi. Mkulima mmoja mwenye ghala safi hakuweza kumzuia dumuzi peke yake, na hali ni hiyo hiyo kwa panya wa Cheyo.

Kinachofanya kazi

Kwa fuko, mtego ndio silaha. Udhaifu wake ni ile tabia ya kuziba tundu. Mkulima hutafuta kichuguu chenye udongo mbichi, hufukua mpaka kuipata njia, kisha hutega kitanzi kilichofungwa kwenye fimbo iliyopindwa. Fuko akija kuziba upenyo, huigusa kamba na fimbo hufyatuka. Mtego ukiwekwa kwenye kichuguu kikavu cha zamani, mkulima atasubiri bure.

Kwa panya shamba, mitego ya kubana na mtego wa ndoo hutosha kwa bustani. Ndoo yenye maji hufukiwa hadi usawa wa ardhi na juu yake kuwekwa gunzi lenye chambo linalozunguka kwenye waya. Mitego hii huzaa matunda inapotegwa na kaya nyingi kwa wakati mmoja na mfululizo, sambamba na kufyeka nyasi, kuondoa taka na kuinua marundo ya kuni kutoka ardhini.

Zaidi ya hayo, mkulima aangalie namna anavyovuna. Kaya nyingi huiacha mihogo na viazi ardhini na kuvichimba kidogo kidogo. Ardhi hugeuka ghala, na fuko ndiye mwenye ufunguo wa ghala hilo. Wakazi wa Tabora wanao ujuzi wa kale unaoweza kuwaokoa: michembe na matobolwa. Viazi vilivyokatwa na kuanikwa, au kuchemshwa kisha kukaushwa, haviko tena katika njia ya fuko, ingawa navyo hudai chombo kisichopenyeka kwa panya. Kwa mboga, bustani ya gunia au tuta lililotandazwa wavu wa chuma chini yake huzuia uchimbaji kabisa.

Bundi naye anastahili kutazamwa upya. Katika jamii nyingi nchini huhesabiwa kuwa ndege wa mkosi, hupigwa mawe na viota vyake kuharibiwa. Ukweli ni kwamba chakula chake kikuu ni panya, na hulinda bustani usiku bila malipo. Sumu inayoua panya polepole inaweza kumuua bundi na paka wanaomla panya huyo.

Afya haiwezi kutenganishwa na suala hili. Mwezi Julai 2022, Wizara ya Afya ilithibitisha mlipuko wa homa ya mgunda mkoani Lindi, ugonjwa ambao binadamu anaweza kuupata kwa kugusa maji au udongo wenye mkojo wa wanyama walioambukizwa, wakiwemo panya. Kwa sababu hiyo, panya aliyenaswa asishikwe kwa mikono mitupu, na aliyekufa kwa sumu asiliwe na mtu wala mnyama.

Wajibu wa kila upande

Utaalamu upo. SUA ina watafiti wa viumbe waharibifu, TPHPA ina mamlaka ya kisheria, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Tumbi kipo mkoani Tabora kwenyewe. Lililobaki ni kuufikisha utaalamu huo katika ngazi ya mtaa. Mkutano wa mtaa unaoitishwa kabla ya mvua, mbele ya afisa ugani, unaweza kuamua siku moja ya kufyeka, wiki moja ya kutega, na kaya zipi zisizo na mitego zisaidiwe.

Mwananchi anayeona ongezeko la mashimo au uharibifu usio wa kawaida atoe taarifa ofisi ya kata mapema, na anayeuziwa sumu isiyo na kibandiko aikatae na kutoa taarifa pia. Panya hawatambui mpaka wa kiwanja, kwa hiyo kazi ya kuwadhibiti nayo haina budi kuvuka uzio.