Kipupwe, Moto wa Mkaa na Pumzi za Mtoto

Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kinaposhusha ukungu na baridi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, familia nyingi hufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto mchanga apate joto, jambo linalofanywa kwa upendo lakini lenye hatari kubwa, kwa kuwa mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, yaani gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Kofia, nguo nzito na kifua cha mama ni joto lililo salama zaidi.

Hatari nyingine ni nimonia, yaani maambukizi ya mapafu, ambayo mojawapo ya chanjo zake ilianza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2013 na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Holili, mji ambao wafanyabiashara wake huvuka mpaka kwenda Taveta, Kenya, na kurudi, unastahili mpango wake wenyewe wa chanjo, maana mama aliyetoka alfajiri kwenda sokoni hukosa siku ya kliniki kwa urahisi, wala si haki kumlaumu. Saa za chanjo ndizo zimfuate. Ama kuhusu dalili za nimonia, mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au ambaye kifua chake hubonyea anapovuta hewa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, huku akiendelea kunyonyeshwa.