Shairi Langu Liligeuka Insha

Nashika kalamu nitoe dukuduku langu. Mwaka jana niliandika shairi la beti tano katika jarida letu hili. Kitabuni lilitoka safi. Lakini nakala ilipohamishwa kwenye simu ili wazazi nao wasome, loo! Mishororo ilishikana, vina vya kati vikapotelea katikati ya maneno, na jirani yetu mmoja akaniuliza, "Kijana, mbona insha yako haina aya?" Darasani nilichekwa muhula mzima.

Sasa jamani, kosa si la simu. Aliyetuchapia alitenga vipande kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi. Kwa macho ni shairi, lakini kompyuta haina macho. Haikuambiwa popote kwamba huu ni mshororo na pale ubeti umeisha.

Na dawa ya jambo hili ilipatikana zamani! Mwaka wa 1969, huko Marekani, wafanyakazi watatu wa kampuni ya IBM walibuni lugha ya alama iitwayo GML. (Herufi hizo ni za majina yao pia: Goldfarb, Mosher na Lorie. Wajanja hao!) Badala ya kuagiza "neno hili liwe nene", unaandika "hiki ni kichwa". Kitaonekanaje, hilo huamuliwa baadaye. Kutokana nayo ikaja SGML, iliyokubaliwa kimataifa mwaka wa 1986, kisha XML mwaka wa 1998. Tena wako wataalamu wa mradi wa TEI, ulioanza 1987, ambao wana alama ya ubeti na alama ya mshororo. Yaani yale yale tunayokaririshwa katika ushairi ndiyo kompyuta inayataka! Ukishayaweka, andiko ni moja tu: lichapwe kitabuni, lisomwe simuni, au asiyeona asomewe na mashine, naye ajue ubeti umekomea wapi.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya punda. Kuanza kunachosha, sikatai. Lakini mwaka jana tulikuwa na nakala ya ubaoni, ya kitabu na ya simu, kila moja na makosa yake. Tukisahihisha huku, kosa linabaki kule. Hiyo si kazi ya punda?

Mimi naona kila mwandishi aweke alama kwa penseli kabla hajampa mhariri kazi yake, na wanaosoma kompyuta waziingize. Shairi langu nimelileta tena, beti zote tano, kila mshororo na alama yake. Mhariri, tafadhali usiziondoe ukidhani ni uchafu.